Honi za Treni za Zamani: Tunatunza Chuma, Tunazika Sauti

Watu wangu, leo natetea kelele.

Kila nikiweka video ya honi ya treni, komenti huja za aina mbili. Ya kwanza: "Bro, uko sawa kweli?" Hiyo nimeizoea. Ya pili hutoka kwa watu wa nyumbani, na hiyo nd'o inachoma: "Wewe ni mtu wa Ndera. Treni umeijulia wapi?"

Swali ni halali. Kwetu hakuna treni. Toka Ndera ushuke mpaka Garsen, utaona mto, miembe, ng'ombe wa Waorma wakienda maji, bodaboda zimebeba watu watatu na gunia. Reli huioni. Mradi wa LAPSSET ulizinduliwa Lamu Machi 2012, marais wakapiga picha, na kwenye mipango kulikuwa na reli. Bandari ya Lamu ilianza kupokea meli Mei 2021. Reli yetu bado iko kwenye karatasi. Honi kubwa tuliyokua tukiiskia sisi ni ya basi la Lamu likikaribia Garsen, ile inaamsha kuku wote stejini.

Sasa, mimi niliijulia treni Nairobi. Nilienda chuo, mwaka wa pili karo ikanishinda, nikaacha. Nikabaki mjini nikitafuta riziki na simu yangu, chumba nimepanga karibu na reli kwa sababu karibu na reli kodi iko chini. Na kodi iko chini kwa sababu gani? Kelele. Hiyo kelele nd'o imenifanya niandike leo.

Msimamo wangu ni huu, na nitaueleza mpaka mwisho: vichwa vya treni vya dizeli vya zamani vinaondoka mmoja baada ya mwingine, na hakuna mtu anayehifadhi sauti zao. Tukibahatika, tutahifadhi chuma. Honi itaenda na skrepu. Na mtu wa Tana River anajua kuliko Mkenya mwingine yeyote maana ya kitu kubaki na sauti yake kupotea. Hapo nitafika, vumilia kidogo.

Kwanza, tuelewane honi ni nini

Babu zetu waliita treni gari la moshi. Ile ya mvuke haikuwa na honi, ilikuwa na firimbi. Chukua chupa ya soda, puliza juu ya mdomo wake, uskie vile inalia. Firimbi ya treni inafanya kazi hivyo hivyo: mvuke unapita kwa nguvu kwenye ukingo mwembamba, unakatika, unalia. Kuna vichwa vya dizeli vya zamani, huko duniani, vilivyowekewa firimbi badala ya honi, ila zinapulizwa na upepo kwa sababu dizeli haina mvuke wa kutosha kuliza chochote.

Honi ni kitu kingine. Kichwa cha dizeli kina kompresa inayojaza upepo kwenye matangi, upepo uleule unaotumika kwa breki. Dereva akifungua valvu, upepo unaenda kwa honi na kukutana na kibati chembamba cha mviringo. Kwa Kiswahili kinaitwa kiwambo, neno lilelile la ngozi iliyowambwa kwenye ngoma. Kibati kinatetema mamia ya mara kwa sekunde moja, halafu tarumbeta iliyo mbele yake inaikuza ile sauti. Tarumbeta ndefu, sauti nzito. Fupi, sauti kali. Ukiweka mbili, tatu au tano za urefu tofauti na kuzipuliza pamoja, hapo umepata kodi ya muziki, kama ya kinanda.

Watu wa Pwani hili halifai kutushangaza. Siwa ya Pate ya pembe za ndovu na siwa ya Lamu ya shaba ni ukoo mmoja na honi. Tofauti ni kwamba kwa siwa, kiwambo ni midomo ya mpulizaji, na kompresa ni mapafu yake. Siwa haikupulizwa ovyo. Ilipolia, mji ulijua kuna jambo: harusi ya watu wakubwa, sikukuu, mtawala mpya. Honi ya treni nayo haikuwahi kuwa mlio tu. Ilikuwa habari.

Vichwa vyenyewe ni vipi?

Kwa wale waliozaliwa wakakuta Madaraka Express, historia fupi. Reli ilianza kujengwa Mombasa 1896, ikafika Nairobi 1899, Kisumu 1901. Miaka mingi ilikuwa mvuke. Halafu 1960 vikaanza kuingia vichwa vya dizeli vya English Electric kutoka Uingereza, vilivyoitwa klasi ya 90 na baadaye vikabadilishwa jina kuwa klasi ya 87. Miaka ya 1970 mwanzoni ikaja klasi ya 92, imetengenezwa Montreal, Kanada. Mwisho wa miaka hiyo ikaja klasi ya 93 ya General Electric ya Marekani, na 1987 klasi ya 94.

Hapo katikati, 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na shirika la reli la pamoja nalo likavunjika. Vichwa na mabehewa vikagawanywa kati ya Kenya, Uganda na Tanzania kama vyombo vya nyumba baada ya talaka. Miaka 40 baadaye, 2017, treni ya abiria ya usiku ya Nairobi na Mombasa kwenye reli ya zamani ikasimama, SGR ikaanza safari Mei 31. Chukua mtoto aliyezaliwa Voi mwaka huo. Yeye honi anayoijua ni ya kichwa cha Kichina. Sina ubaya na honi ya Kichina, nayo iko na wenyewe wataokuja kuililia. Nasema tu mtoto huyu na babu yake wameishi mji mmoja na hawajawahi kuamshwa na sauti moja.

Mvuke umeshatuponyoka, dizeli bado

Hapa nd'o nataka uskize vizuri, kwa sababu hapa nd'o haraka yangu inatoka.

Makumbusho ya Reli ya Nairobi yalifunguliwa 1971. Ukienda utaona vichwa vikubwa vya mvuke, kuna Mount Gelai, lile dude la Garratt la miaka ya 1950. Utaona pia behewa ambalo simba aliingia Kima mwaka 1900 akamtoa afisa wa polisi anaitwa Ryall. Ni mahali pazuri, nendeni, na nendeni na wadogo zenu. Lakini simama mbele ya kichwa chochote pale ujiulize: hiki kililia vipi?

Kwa vile vya mvuke, jibu ni gumu. Sauti husafiri kwa kasi zaidi ndani ya mvuke kuliko ndani ya hewa. Kwa hiyo ukichukua firimbi ya treni ya mvuke ukaipuliza kwa kompresa, italia, lakini italia chini kuliko ilivyolia zamani. Si sauti yake. Kuipata ile ya kweli inabidi uwashe moto, uchemshe maji, upandishe presha kwenye boila la miaka 70. Hiyo ni pesa na ni hatari.

Honi ya dizeli haina shida hiyo. Maisha yake yote ilipulizwa na upepo, na upepo uko. Injini inaweza kuwa imekufa, magurudumu yameshika kutu, ndege wamejenga ndani ya kebini. Honi ikiwa nzima, leta kompresa ya fundi wa tairi, unganisha bomba, fungua. Utaskia kitu kilekile alichoskia abiria wa Mtito Andei mwaka 1975. Hakuna sehemu nyingine ya kichwa cha treni unayoweza kuifufua kwa bei ya namna hiyo.

Yaani sauti ambayo ni rahisi kuliko zote kuiokoa nd'o hatuiokoi. Kichwa kinapochoka kinakatwa kwa gesi, kinauzwa kwa kilo. Honi ya shaba au aluminiamu ina bei nzuri kwa mtu wa skrepu. Inaenda wa kwanza.

"Lakini honi ni honi tu"

Hapana. Wacha niwape story ya Kanada.

Vichwa vya dizeli vilipoingia Amerika Kaskazini, viliwekewa honi za noti moja. Shida ikaja haraka: zilifanana na honi za malori. Dereva wa gari akiskia pale kwenye kivuko anadhani ni lori liko nyuma yake, anaendelea, treni inamchukua. Watu walikuwa wamezoea firimbi ya mvuke, ile inayolia kwa noti kadhaa pamoja, na masikio yao yalijua hiyo nd'o treni. Basi jamaa mmoja wa British Columbia anaitwa Robert Swanson akakaa chini miaka ya 1940 kutengeneza honi za upepo zinazolia kodi, ili mtu akiskia ajue bila kufikiria: hiyo ni treni. Kampuni ya Nathan ikazisambaza, na mpaka leo honi nyingi za treni za Amerika ni watoto wa kazi yake.

Swanson hakuwa anapamba. Alikuwa anaokoa maisha kwa muziki.

Na kama unadhani hiyo ni maneno ya wapenda treni, angalia Florida. Kuanzia 1984 jimbo liliruhusu miji kupiga marufuku honi za treni usiku kwenye vivuko vya reli ya Florida East Coast. Watu walitaka kulala. Ajali za usiku kwenye vivuko hivyo zikapanda karibu mara tatu. 1991 serikali ya Marekani ikaamuru honi zirudi, na ajali zikashuka. Milingoti na taa vilikuwepo wakati wote huo. Kilichoondolewa ni sauti peke yake.

Sasa rudi Nairobi. Matatu imefungulia muziki mpaka vioo vinatetemeka. Wewe mwenyewe unatembea masikio umeyaziba. Nganya nazo zimefungwa honi za upepo za kila aina, nyingine zinaimba. Reli inapita Kibera katikati ya nguo zilizoanikwa na mama wa samaki. Oktoba 2013 basi la abiria liligongana na treni pale Mutindwa asubuhi, watu zaidi ya 10 wakafa. Mimi sisemi honi ingefanya nini au haingefanya nini siku ile, sikuwepo na si kazi yangu kuhukumu. Nasema mji wenye vivuko kama vile unahitaji masikio yanayoitambua treni papo hapo, na masikio hufundishwa. Walioishi na klasi ya 87 miaka 20 walifundishwa bila kujua.

Mkono wa dereva

Jirani yangu kwenye ploti alikuwa mzee aliyefanya kazi ya reli tangu ujana. Jioni tunakaa nje, honi inalia mbali, mimi naskia honi. Yeye ananiambia, "Kijana, huyo si wa jana." Namuuliza, mzee umejuaje? "Wa jana hufungua polepole. Huyu anagonga."

Nilidhani ananichezea. Baadaye nikasoma nikaelewa. Honi za zamani zilifunguliwa kwa mkono, kwa wenzo au kamba iliyounganishwa na valvu. Dereva akifungua kidogo, upepo unaingia kidogo, noti zinaanza moja moja. Akivuta yote, kodi nzima inalipuka. Akiachia taratibu, sauti inashuka kama mtu anayemaliza kuimba. Kila dereva alikuwa na mkono wake, kama mpiga zumari. Kwenye vichwa vingi vya siku hizi ni kitufe: imewaka au imezima. Kitufe hakina mkono.

Kwa hiyo tunapopoteza zile honi, hatupotezi vyombo peke yake. Tunapoteza namna ya kuvipiga. Waliokuwa wakizipiga wamestaafu, wengine wako Makongeni na Muthurwa, wengine wamerudi Taita, Ukambani, Nyanza. Hakuna aliyewaendea na maikrofoni akawaambia, baba, hebu nionyeshe ulivyokuwa ukiingia Voi usiku.

Wanaopinga, nimewaskia

Wa kwanza anasema: treni ni ya mkoloni, kwa nini tuitunze? Ndugu, reli ililetwa na mkoloni, kweli, na damu ilimwagika. Lakini hesabu. Dizeli ya kwanza kati ya hizi iliingia 1960. Uhuru ni 1963. Karibu maisha yote ya hivi vichwa yameishiwa mikononi mwa Wakenya, Waganda na Watanzania. Ile honi iliyoleta barua, unga, na mtoto wa shule kutoka bara kwenda kumuona mamake Pwani, hiyo ni yetu. Mkoloni alikuwa ameshapanda meli.

Wa pili anasema: kelele ni kelele, tunataka kulala. Namuelewa, nimelala mita chache kutoka relini. Hata Uingereza waliliona hilo, tangu 2007 walipunguza honi za usiku kwenye sehemu kubwa ya reli zao. Lakini mimi siombi treni zilie zaidi. Naomba zile zilizokwisha kulia zisisahaulike. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Wa tatu ananiambia video ziko tele. Ziko, ndiyo. Nimezipitia nyingi. Sekunde tisa, mtu anaongea juu yake, halafu amewekea biti ya gengetone. Hakuna namba ya kichwa, hakuna mahali, hakuna tarehe. Na honi yenyewe imepasuka kwa sababu simu ilikuwa karibu mno. Hiyo ni kumbukumbu ya yule aliyeshika simu. Treni haimo.

Ngadji

Nilisema nitafika hapa. Sasa nimefika.

Wapokomo walikuwa na ngoma kubwa takatifu inaitwa ngadji. Haikuwa ngoma ya kuchezea. Ilikuwa ya ibada na ya utawala, ikilia kando ya mto watu wanajua jambo limewadia. Mwaka 1902 maafisa wa serikali ya kikoloni wakaichukua. Mwaka 1908 ikaingia British Museum, London, na iko huko mpaka leo. Wazee wetu wameidai, na wana haki ya kuidai, na mimi niko nyuma yao.

Lakini hebu fikiria hesabu hii. Ilichukuliwa 1902. Hakuna mtu aliye hai leo aliyeiskia ikilia kando ya Mto Tana. Hakuna hata mmoja. Bibi yangu hakuiskia. Bibi yake bibi yangu labda. Kilichopandishwa meli ni mti na ngozi. Sauti ilibaki ukingoni mwa mto bila mtu wa kuishika, ikaisha na wale walioiskia. Kesho London wakiirudisha, itarudi ikiwa kimya, na sisi tutakuwa tumeizunguka tukiulizana: ilikuwa inalia vipi?

Linganisha na kitu kingine chetu. Wimbo wa taifa la Kenya, ule mnaosimama wima nao asubuhi shuleni, tuni yake imetoka kwa wimbo wa kubembelezea watoto wa Kipokomo. Mwaka 1963 kamati ya wanamuziki watano iliichukua ile tuni, ikaipangia sauti na maneno. Mama aliyekuwa akimnyamazisha mtoto kando ya Tana hakuwa na makumbusho. Lakini kuna mtu aliyeskiza, akashika, akapitisha. Leo nchi nzima inaimba.

Vitu viwili kutoka mto mmoja. Kimoja kilihifadhiwa kama chombo, kikanyamaza. Kingine kilihifadhiwa kama sauti, hakijazeeka. Mnataka honi za treni ziende njia gani?

Sasa tufanye nini?

Kwa wenye reli na wenye makumbusho, ombi langu ni dogo. Kabla kichwa chochote cha zamani hakijakatwa, fungueni honi. Irekodini kwa upepo wa presha yake ya kawaida, muandike namba ya kichwa, klasi na mwaka. Honi yenyewe muiweke makumbusho juu ya meza, na kompresa ndogo chini yake, na wenzo wa mtoto kuvuta. Mara moja kwa siku, saa sita mchana, ilie. Mkiogopa majirani, majirani hao wanaishi na nganya za Ngong Road, watavumilia.

Kwa wastaafu wa reli: mkiwa na kijana au mjukuu mwenye simu, mwambieni awarekodi mkieleza. Hata kwa mdomo. Igeni ile honi kwa mdomo kama mlivyokuwa mkiigiza watoto. Msione haya.

Na kwa nyinyi mnaonifuata, kazi ni hii. Treni za abiria za reli ya zamani zilifufuliwa kwenda Kisumu 2021, na Nanyuki 2020. Treni za asubuhi na jioni za Nairobi bado ziko. Mizigo bado inapita. Ukitaka kurekodi, simama mbali, mita 100 ni sawa, wala si karibu na reli. Usinifie kwa ajili ya laiki, tafadhali. Weka simu isipokee simu. Vaa maikrofoni soksi nyembamba au kipande cha sponji ili upepo usiharibu. Anza kwa kutaja tarehe, mahali, treni inaelekea wapi, na namba iliyoandikwa ubavuni mwa kichwa ukiiona. Halafu nyamaza. Wacha ilie yote, ipite, ipotee yenyewe. Weka faili lote, usiongezee biti. Biti utaweka kwa nakala nyingine. Mimi mwenyewe nimeshasampo honi kwa biti mara mbili, si dhambi, ila ile ya asili ibaki safi.

Na la mwisho ni la kwetu, Ndera na Garsen. Kule Vancouver, Swanson yuleyule alitengeneza honi 10 za upepo mwaka 1967, na mpaka leo kila saa sita mchana zinalia noti nne za kwanza za wimbo wa taifa la Kanada. Mji mzima unapatia saa hapo. Wale walikopa wimbo wa nchi wakaufanya honi. Sisi wimbo wa nchi ulitoka kwa mama zetu.

Basi siku ile reli ya kutoka Lamu ikitoka kwenye karatasi, kama itatoka, watu watazungumza fidia ya mashamba, njia za mifugo, kazi za vijana. Lazima wazungumze hayo, na mimi nitakuwa mbele nikipiga kelele. Lakini mtu mmoja kwenye kikao anyooshe mkono aulize pia: hiyo treni italia vipi? Tarumbeta tano za urefu tofauti zinatosha kuanza ile tuni ya kubembeleza. Ikipita kando ya Tana alfajiri, ng'ombe watoke relini, watoto waamke, na bibi aseme, hiyo naijua.

Kabla ya hapo, tuokoe zilizopo. Ukiwa Voi, Makindu, Nakuru, Kisumu, Nanyuki, popote reli ya zamani inapita, nitumie honi yako, na namba ya kichwa. Nitaziweka zote mahali pamoja, bure, na jina la aliyeirekodi.

Na wewe wa komenti ya "bro, uko sawa kweli?": niko sawa. Skiza kwanza, halafu turudi tubishane.